Maneno ya Atija Niliyoyapunguza

Jumapili, hapa Ruangwa. Joto limekaa juu ya bati tangu asubuhi. Mawingu yanakuja, yanatutazama, yanaondoka bila kuacha hata tone. Malori ya korosho hayakomi barabarani na vumbi lao linafika mpaka kwenye rafu za duka langu la dawa. Leo nimezifuta rafu hizo, nikamaliza, nikaanza tena. Nilikuwa naitafutia mikono kazi ili nisikae chini kuandika.

Nina aibu.

Nimeandika maneno hayo mawili, nikayafuta, nikaenda kunywa maji, nikayarudisha.

Mnaopita hapa kwenye ukurasa wangu mmezoea habari zangu nyepesi. Mteja aliyetaka dawa ya kumfanya mumewe ale mboga za majani. Nasra na jino lake la kwanza. Sikuwahi kuandika kwamba tangu Nasra azaliwe, na sasa ana miezi minane, nimekuwa mgonjwa. Ugonjwa wenyewe unaitwa sonona, ile inayompata mama aliyejifungua. Wengine hulia mchana kutwa. Mimi sikulia. Nilimwogesha mtoto, nikamnyonyesha, nikampaka mafuta, na ndani yangu hakukuwa na chochote. Ni kama nilikuwa naosha sufuria ya jirani. Akilia, nilitamani mwenye mtoto wake aje amchukue.

Ninauza dawa, na sikujua kwamba naumwa. Nilikuja kusikia redioni, dukani, nikimhudumia mtu. Yule anayeeleza redioni alitaja dalili moja baada ya nyingine, na kila aliyoitaja nilikuwa nayo. Mteja aliondoka na vidonge vyake, mimi nikabaki nimesimama nyuma ya kaunta kama niliyeitwa jina langu mbele ya watu.

Hapo ndipo nilipokwenda Nachingwea.

Kule kuna nesi, nitamwita Sista Upendo. Ni mtu wa Mbeya, amepangiwa kazi huku. Kila Jumanne anawakusanya akina mama wenye sonona kwenye chumba cha nyuma ya kliniki. Tunakaa chini kwenye mikeka, watoto katikati, na mmoja mmoja tunasema. Huko sikuchagua kwa sababu ya umbali wala ubora. Nilichagua kwa sababu Ruangwa kila mtu ananijua. Mimi ndiye wanayemwuliza mtoto akipata homa. Sikutaka wanione nimekaa kwenye mkeka.

Nyumbani niliwaambia naenda kufuata dawa za duka. Nasra nilimwacha na mama mkwe wangu, aliyetoka Singida kuja kunisaidia malezi. Kwa hiyo wenzangu wote walikuwa wanaingia chumbani na watoto, mimi pekee mikono mitupu. Zamu yangu ikifika nilisema, "Silali vizuri." Jumanne iliyofuata, "Silali vizuri, ila kidogo nafuu." Sista Upendo alikuwa ananitazama, anasubiri. Na mimi nilikuwa natazama ukutani.

Atija alikuja baada yangu. Majina yote humu nimeyabadilisha, na hilo pia si lake. Ni msichana mdogo, ametoka upande wa pili wa Mto Ruvuma, Msumbiji, akaolewa na Mmakua mwenzake, kijana wa Mandawa anayelima korosho na ufuta. Kiswahili chake ni cha salamu na sokoni. Alikuja kujifungulia Nachingwea kwa sababu shangazi wa mumewe anakaa pale, akakaa kwa huyo shangazi mpaka mtoto wake wa kiume akafika miezi minne. Mwanzoni shangazi ndiye aliyekuwa anamsemea. "Hajambo, anakula, mtoto ananyonya." Atija mwenyewe alikuwa ametazama miguu yake. Sista Upendo akamwomba shangazi awe anasubiri nje.

Siku hiyo mtoto wa Atija alipaliwa na maziwa, na mimi, bila kufikiri, nikamwambia pole kwa Kimakua.

Aligeuka kama aliyeguswa begani. Chumba kizima kiligeuka.

Nimelelewa na bibi yangu, Masasi, kwa Kimakua. Shuleni walinicheka matamshi mpaka nikajifunza kuyaficha, na tangu nije Ruangwa sijawahi kukizungumza hadharani. Mume wangu, afisa ardhi, naye mtu wa Singida, anajua kwamba nakielewa kidogo. Kumbe hakijaenda popote. Tangu siku hiyo Sista akaniomba niwe natafsiri. Nilikubali haraka. Nilifurahi, tena kwa sababu mbaya: mtu anayetafsiri anakuwa na kazi, hakai pale kama mgonjwa.

Sasa Jumanne iliyopita.

Msimu wa korosho umeanza, na mume wa Atija, nitamwita Saidi, alikuwa ametuma ujumbe kwamba anakuja kumchukua mkewe warudi Mandawa wakaokote. Sista Upendo hakuwa na raha na jambo hilo. Mandawa ni mbali na kliniki yake, na huko asingekuwa na mtu wa kumwangalia Atija. Akasogea karibu yetu, akaniambia, "Mama Nasra, leo nisaidie vizuri. Kabla sijamwambia aende, nataka nijue hali yake. Mwulize kama anapata wazo la kumwacha mtoto, au kumdhuru, au kujidhuru mwenyewe. Mwambie hapa hakuna wa kumhukumu."

Swali nililitafsiri sawasawa, neno kwa neno. Hilo tu ndilo nililofanya vizuri siku ile.

Atija alimlaza mtoto vizuri mapajani. Kisha akaanza kusema, polepole, na alivyoanza hakusimama. Nayaandika hapa kwa Kiswahili, na safari hii nimejitahidi nisiguse kitu.

"Tukienda shambani kwa shangazi kuokota korosho, namlaza mtoto chini ya mkorosho kama wanavyofanya wanawake wote. Halafu naondoka. Naokota nikienda mbele, sigeuki, mpaka sauti yake siisikii. Hapo nakaa chini. Napumua. Najiona nimepona. Maziwa yakianza kunitoka ndiyo najua analia, narudi. Lakini kila siku naenda mbali kidogo kuliko jana. Siku moja maziwa yatatoka na mimi nitaendelea kutembea."

Mtoto alikuwa amelala mapajani mwake, kucha zake ndogo zimekatwa vizuri.

Akina mama wote walikuwa wananitazama mimi. Hilo sikuwa nimelifikiria kabla. Anayetafsiri hasemi "yeye." Anasema "mimi." Ilinibidi nifungue mdomo wangu, kwa sauti yangu, mbele ya wanawake wale, niseme: mimi namwacha mtoto, naondoka, na nikiacha kumsikia najiona nimepona.

Na maneno hayo yalikuwa yangu.

Nitaeleza. Nasra alipokuwa na miezi mitatu nilikuwa nakwenda naye dukani, namlaza kwenye boksi la pampasi nililolitandikia kanga. Siku moja mchana, alipolala, nilifunga mlango wa duka kwa nje nikaenda stendi. Sikuwa na mpango. Palikuwa na gari la Lindi linaita abiria, nikapanda, nikakaa dirishani. Kondakta akaniuliza nashukia wapi, nikasema Lindi. Gari likaondoka. Nakumbuka upepo wa dirishani na jinsi mabega yangu yalivyoshuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo ya maji kichwani. Tulipofika mwisho wa mji nikaona mwanamke amembeba mtoto mgongoni anavuka barabara. Nikapiga kelele, "Naomba kushuka! Nimesahau kitu!"

Kitu. Mtoto wangu nilimwita kitu.

Nilirudi nikikimbia. Nilimkuta ameamka, amelowa jasho, anatazama dari. Hakuwa analia. Nilifungua duka, mteja akaingia, nikamwuzia dawa ya kikohozi. Hakuna aliyewahi kujua.

Kwa hiyo Atija alipomaliza na Sista Upendo akaniuliza, "Anasemaje?" niliikwepa hiyo "mimi," nikajibu hivi: "Anasema anachoka. Shamba na mtoto kwa pamoja vinamlemea. Anatamani kupumzika."

Angalieni ujanja wa jibu hilo. Hakuna neno la uongo hata moja pale. Ni kweli anachoka. Ni kweli anatamani kupumzika. Nilichukua maneno yake nikayakata pembe zote mpaka yakabaki kama ya mama yeyote, kama ya kwangu ya kila Jumanne.

Sista Upendo alishusha pumzi. "Basi hilo tutalisaidia," akasema. Akaniomba nimweleze Atija asibebe kazi peke yake, na akampa nafasi ya kurudi mwezi ujao. Akamruhusu kwenda Mandawa.

Tulipokuwa tunavaa viatu mlangoni, Atija alikuja akasimama karibu nami. Kiswahili chake ni kidogo lakini masikio anayo.

"Dada," akaniambia kwa Kimakua, taratibu, hana hasira, "mimi nimesema mengi. Wewe umesema machache."

Nikamjibu, "Kiswahili ndivyo kilivyo. Ni kifupi."

Akaitikia kwa kichwa. Aliniamini, au aliamua kuniamini. Akambeba mtoto wake akatoka juani.

Safari ya kurudi Ruangwa siikumbuki. Nakumbuka kwamba nilipofika nilimchukua Nasra kutoka kwa mama mkwe, nikamshika muda mrefu, na Mama akasema, "Leo umemkumbuka mwenzio." Alisema kwa upendo. Mimi niliona kama amenichapa.

Namba ya Sista ninayo kwenye simu. Kitu cha kufanya kilikuwa kimoja tu na kilikuwa rahisi. Nilijiambia nitampigia baada ya kupika. Nikajiambia baada ya kumwogesha mtoto. Nikajiambia pengine Saidi hatakuja mapema, pengine shangazi anamwangalia, pengine Atija alisema tu, watu husema. Yote hayo niliyajua kuwa takataka nikiwa bado nayawaza. Nilichoogopa ni swali moja. Sista angeniuliza kwa nini nilipunguza, na mimi ningemjibu nini?

Jumatano, karibu na adhuhuri, alikuja dukani mama mmoja kutoka Nkowe kutafuta dawa ya mtoto ya homa. Alikuwa amekuja kwa baiskeli juani, mtoto mgongoni, na alipokuwa anaongea na mimi mkono wake mmoja ulikuwa nyuma, unampigapiga mtoto makalioni bila yeye mwenyewe kujua. Nilimpa dawa. Alipotoka nilifunga mlango, safari hii nikiwa ndani, nikapiga simu.

"Sista, jana sikutafsiri yote."

Nikamwambia. Maneno ya Atija yote, ila la gari la Lindi nililiacha. Hata pale, niliacha.

Akasema, "Mama Nasra, ameshaondoka. Mumewe amemchukua leo asubuhi."

Alijaribu kumpigia Saidi, hapatikani. Akanipigia tena. Hakunigombeza. Sauti yake ilikuwa ya kazi. "Mimi natoka sasa hivi kuja huko. Tukutane stendi ya Ruangwa, twende wote Mandawa. Bila wewe siwezi kuongea naye." Afadhali angenigombeza.

Tulichukua bodaboda mbili. Barabara ya vumbi, jua la mchana, na dereva wangu alikuwa mchangamfu anataka kuzungumza bei za korosho. Nilimjibu ndiyo na hapana. Kwenye pikipiki ya mbele nilikuwa naona mgongo wa Sista Upendo, umenyooka, haugeuki.

Saidi tulimkuta uani anaanika korosho. Kijana mrefu, mpole, akafuta mikono akatukaribisha, akatafuta viti. Sista akamwambia hatutakaa, tunamtaka mama mtoto.

"Yuko shambani anaokota," akasema. "Nilimwambia apumzike leo kwa sababu ya safari, akasema anataka kwenda. Nikafurahi. Tangu ajifungue sijamwona akitaka kitu."

"Na mtoto?"

"Kamchukua."

Sista alinitazama. Saidi akaona tulivyotazamana, na uso wake ukabadilika. Akatangulia mbele, sisi nyuma yake.

Wakati huu mashamba yananuka mabibo yaliyoiva yakadondoka, harufu tamu inayokaribia uchachu, na majani makavu yanapiga kelele chini ya miguu. Kwa sababu ya majani yale hatukusikia mapema. Saidi ndiye aliyesimama kwanza, akainua mkono. Tukatulia. Hapo tukasikia sauti ya mtoto, imekauka, ile ya mtoto aliyelia mpaka amechoka.

Alikuwa chini ya mkorosho, juu ya kanga, mzima. Sisimizi walikuwa wamemfikia mguuni. Saidi alimnyanyua, akampukuta, akamkumbatia kifuani, akaanza kuita jina la mkewe. Mikorosho haikujibu. Akaita tena, na sauti yake ya pili sikuwahi kusikia mwanamume akiitoa.

Tulikimbia. Nilikimbia nikifikiri, nimemwua. Sikufikiri "amekufa." Nilifikiri "nimemwua."

Tulimkuta ng'ambo ya mpaka wa shamba lao, kwenye njia inayokwenda bondeni. Alikuwa ameketi chini, ndoo ya korosho imejaa nusu pembeni, viganja vyake vimeziba masikio. Mbele ya gauni lake palikuwa pamelowa maziwa. Alituona tukija akabaki vilevile. Hakushtuka wala hakukimbia.

Sista Upendo alikaa chini kwenye vumbi, na sare yake nyeupe, kana kwamba ni mkeka wa kliniki. Nikakaa. Saidi akabaki amesimama na mtoto. Sista akamwambia, "Baba, naweza kukuomba usogee kidogo?" Lakini Atija, ambaye alielewa mkono wa Sista kuliko maneno yake, akasema kwa Kimakua, "Abaki."

"Mwambie aseme tena," Sista akaniambia. "Na wewe sema kama anavyosema. Usinisaidie."

Nikamwambia Atija. Akanitazama.

"Jana nilikwambia," akasema.

"Najua. Sikusema yote."

"Kiswahili ni kifupi."

"Hapana," nikasema. "Nilikudanganya. Kiswahili kinatosha."

Akasema tena, mwanzo mpaka mwisho, na mimi nikamfuata nyuma kwa Kiswahili. Namlaza chini ya mkorosho. Naondoka. Sigeuki. Nikiacha kumsikia najiona nimepona. Kila siku naenda mbali kuliko jana. Leo nimevuka mpaka. Leo maziwa yametoka na sikurudi, nimekaa hapa, nimeshindwa kwenda na nimeshindwa kurudi.

Saidi hakuhitaji Kiswahili changu. Kimakua ndiyo lugha yake na mkewe. Yeye aliyasikia yote moja kwa moja kutoka kwa mwenyewe, kwa mara ya kwanza, na alikaa chini ghafla, mtoto bado kifuani.

Atija alinyamaza. Mimi sikunyamaza.

Sijui ilikuwaje. Mdomo wangu ulikuwa umeshazoea lile neno "mimi," ukaendelea nalo. Nilisema nilimfungia mtoto dukani. Nilisema nilipanda gari la Lindi, nikakaa dirishani, mabega yangu yakashuka. Nilisema niliomba kushuka kwa sababu nimesahau kitu.

Sista Upendo alikunja uso. "Gari la Lindi? Kutoka huku Mandawa?"

"Hapana, Sista. Hayo ya mwisho ni yangu."

Aliweka mkono wake juu ya goti langu na kuuacha pale.

Atija akauliza, "Umesema nini? Huo ulikuwa si mdomo wangu."

Ikabidi nijitafsiri mwenyewe. Nilimweleza kwa Kimakua cha bibi yangu, lugha niliyofundishwa nayo kuomba maji na kusema asante, kwamba mimi nilimfungia mwanangu nikaenda zangu. Kwa Kimakua ilikuwa vigumu zaidi. Kwa Kiswahili naweza kujificha nyuma ya maneno ya redioni, sonona, dalili, hali. Kimakua changu hakina maneno hayo. Kina mtoto, mlango na barabara.

Nilitegemea nini? Nitasema ukweli: nilitegemea atanikumbatia. Nilishaiona picha yake, sisi wawili tunalia pamoja.

Atija akasema, "Yaani hili ulikuwa unalijua hivyo, na bado langu ukalikata?"

"Ndiyo," nikasema.

Saidi alimpa mkewe mtoto, lakini hakumwachia kabisa, wakamshika wawili, na mtoto akanyonya pale pale chini. Saidi akamwuliza jambo kwa sauti ndogo. Sista akaniuliza amesema nini. Nikamwambia, "Anamwuliza kwa nini hakumwambia." "Na Atija amejibu nini?" Sista akauliza. "Amejibu kwamba mumewe alikuwa amefurahi sana kupata mtoto wa kiume."

Korosho zilizobaki chini waliwaachia ndugu waokote. Jioni hiyo hiyo walirudi wote Nachingwea na Sista. Alhamisi daktari alimwona Atija, akamwanzishia dawa, akalazwa, na shangazi analala naye wodini. Saidi amekodi baiskeli, anashinda pale. Sista ameniambia haya ni ya wiki nyingi, hakuna atakayeamka kesho akiwa mzima, si Atija, si mimi. Lakini Atija anakula. Na mtoto halazwi mahali bila mtu mzima pembeni.

Jana nilikwenda kumtazama, safari hii na Nasra mgongoni. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba hanitaki. Ndivyo ilivyokuwa, nusu. Alimwomba Sista, kupitia kwangu, atafutiwe mtu mwingine wa kumtafsiria. Nikalitafsiri ombi hilo pia, neno kwa neno, masikio yananiwaka moto. Sista akasema hana mwingine zaidi ya shangazi.

"Shangazi naye anapunguza," Atija akasema, na shangazi, aliyekuwa anamenya chungwa, akainamisha uso. Basi Atija akaamua mwenyewe: tukae wote wawili. Mmoja akipunguza, mwingine amalizie.

Halafu akamwomba Nasra. Akampakata, akampa kidole, Nasra akakiuma kwa lile jino lake. Atija akaguna. Nadhani kilikuwa kicheko, lakini sitaki kuongeza kama nilivyopunguza.

Kabla sijaondoka nilimwuliza kama naweza kuandika haya. Nilimweleza kwamba watu wengi wanasoma, na kwamba jina lake halitakuwepo. Alifikiri.

"Andika," akasema. "Lakini yote."

Nimejitahidi. Limebaki moja.

Baba Nasra husoma hapa. Husoma kila ninachoandika, halafu akija kula ananitania kwa sentensi zangu mwenyewe. Hajui habari ya gari la Lindi. Anadhani kila Jumanne nafuata dawa. Nikibonyeza kuchapisha sasa hivi, atayakuta humu kwenye simu, kama mgeni, pamoja na watu wasionijua. Huko nako kungekuwa kupunguza.

Yuko uani na Mama, wanamlisha Nasra uji. Nawasikia wanacheka, nadhani ameutema tena. Naiacha simu hapa mezani. Naenda kukaa nao kwenye mkeka, niwaambie wote wawili kwa mdomo wangu, nikianzia na boksi la pampasi.

Sitachapisha kabla ya hapo. Kwa hiyo kama unasoma haya, nimeshawaambia.